Hakuna Cheti, Hakuna Kushuka

Nitaanza na daktari wa kampuni, kwa sababu nikianza na mume wangu nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kukasirika.

Daktari huyo alikuwa anakuja Kitengela mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, na kabla chai aliyotengewa haijapoa alikuwa amemaliza kupima vifua vya wanaume arobaini na mmoja. Hakumvua mtu shati. Lori la eksirei lilisimama mbele ya zahanati, wanaume wakapanga foleni na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, kila mmoja akaambiwa vuta pumzi, shika, achia, rudi kazini. Baada ya wiki mbili orodha ilirudi kutoka Nairobi na neno moja mbele ya kila jina: safi. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Naitwa Wayua, na kwa miaka sita nilikuwa karani wa zahanati ya kwari, yaani machimbo ya mawe yaliyokuwa nje ya mji. Niliketi kwenye taipureta nikamwandikia kila mwanamume barua yake ya kifua safi. Mmoja wao alikuwa Nzomo, mume wangu.

Sasa Nzomo. Kwao ni Makueni, mahali ambapo watu huchimba mchanga wa mto mkavu ndipo wapate maji ya kunywa, na bado alikuwa mzamiaji. Nikisema hivyo watu hucheka. Walicheka hata siku ya harusi yetu. Alijifunza Mombasa alipokuwa mwanamaji wa jeshi, akashinda chini ya meli miaka minane, akikagua vyuma na kukata nyavu zilizonasa kwenye rafadha, lile pangaboi la meli. Mwaka wa tisini muda wake jeshini ukaisha. Ardhi ya Kitengela ilikuwa bado rahisi, punda milia wakipita kati ya mabati ya watu, tukanunua kipande, tukajenga. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kushika mashine ya kutoboa mwamba kwenye kwari. Alitoka kwenye maji akaingia kwenye vumbi, na sikumsikia akilalamika.

Majirani hawakumwacha.

"Mkamba na bahari, wapi na wapi?" walimwambia. "Si ungekuwa askari kama wenzako?"

"Mimi nilikuwa askari," Nzomo aliwajibu. "Wa samaki."

Halafu mvua ya El Niño ikaja, mwisho wa tisini na saba, na mashimo ya zamani ya kwari yakajaa maji hadi ukingoni. Watoto wakaanza kuzama humo. Polisi walikuja na kamba, wakasimama pembeni wakiulizana. Aliyeshuka alikuwa Nzomo, na mtungi mmoja wa hewa aliokuwa ametumiwa na rafiki yake wa Mombasa. Alimtoa kijana wa Kimaasai wa upande wa Isinya, akamlaza kwenye nyasi mbele ya mamake, akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Msimu huo alitoa watu wanne. Kampuni iliyoacha mashimo wazi haikumwambia hata asante, ila fomeni, mnyapara wake, alimkata mshahara wa siku mbili kwa kutofika kazini. Siku mbili! Nikikumbuka hizo siku mbili natamani kumtafuta yule fomeni hadi leo.

Baada ya hapo kicheko kilipungua. Watoto wa mtaa walikuja kuangalia vile viatu vyake virefu vya kuogelea, wakaviita viatu vya bata, naye akawaruhusu wavivae wakatembee uani kama walevi.

Kitu kimoja lazima ukijue kuhusu Nzomo. Alikuwa mtu wa kukagua. Hakupanda gari kabla ya kuangalia magurudumu. Hakuwasha jiko la gesi kabla ya kunusa mpira wa gesi. Alisema maji yalimfundisha kwamba kitu ulichoambiwa ni kizima si kizima mpaka ukishike mwenyewe. Katika miaka kumi na saba ya ndoa yetu nilimwona akiamini bila kukagua kitu kimoja tu, nami ndimi niliyekiandika.

Julai ya mwaka wa elfu mbili na moja simu ilikuja. Haikuja kwetu, sisi hatukuwa na simu. Ilikuja dukani kwa Falis, mama wa Wajir aliyeuza unga, sukari na shuka karibu na barabara ya Namanga, na ambaye alikuwa na simu na mashine ya faksi kwa ajili ya biashara ya ng'ombe ya kakake. Falis alikuwa na sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya lami, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Nzula! Mwambie mzee akuje mbio, Mombasa iko kwa laini!"

Aliyepiga alikuwa Nalianya, yule rafiki wa mtungi. Walikuwa wamezamia pamoja jeshini. Sasa Nalianya alikuwa anaendesha boti kubwa ya watalii, boti ambayo watu wanalala humo humo wiki mbili, wanakula humo, wanarukia majini kutoka humo. Mwezi wa Oktoba ilikuwa iende mbali, kupita Komoro, hadi kwenye visiwa vidogo visivyo na watu, visiwa ambavyo si chochote ila vilele vya milima ya moto vilivyochomoza kutoka baharini. Wageni kumi walikuwa wamelipa. Hakukuwa na mtu wa kuipanga safari wala wa kuwaongoza wageni chini ya maji.

"Nzomo, nataka wewe," Nalianya alisema, na Falis akasogeza sikio. "Panga kila kitu, kuanzia msumari wa kwanza. Halafu Oktoba ushuke nao."

Nzomo alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alijua, nami nilijua, kwamba hii ilikuwa safari yake ya mwisho ya kuitwa mzamiaji. Akiikosa, angezeeka na mashine ya mawe mikononi. Alirudi nyumbani akaketi, akacheka peke yake kama mtu aliyeficha kitu kizuri mfukoni.

Basi akaanza kupanga. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, na kila jioni akitoka kwari alinawa, akala, akaandika. Mitungi mingapi. Mafuta ya kompresa, ile mashine ya kujaza hewa mitungini. Mipira ya kuziba, ya akiba na ya akiba ya akiba. Maji ya kunywa ya watu kumi na saba kwa siku kumi na nne. Oksijeni ya kumpa mtu akipanda haraka na damu yake ikajaa mapovu, na saa ngapi kwa boti hadi hospitali yoyote. Alinichorea kisiwa kimoja kwa penseli, ukuta wa mwamba mweusi unaoshuka wima hadi pasipoonekana. Nalianya alimwambia kwamba mahali pengine mapovu ya joto yanatoka kwenye mwamba wenyewe.

"Kama sufuria ya ugali kabla ya unga kuingia," Nzomo aliniambia. "Wayua, mimi nilizamia miaka minane chini ya meli nikiona kutu. Sijawahi ona kitu kama hiyo."

Wale wageni niliwachukia kabla sijawaona. Maswali yao yalikuja kwa faksi dukani, na Falis aliyasoma kwa sauti mbele ya wateja. Mmoja hakuweza kulalia mto wenye manyoya. Mwingine alitaka barafu saa ishirini na nne, katikati ya bahari, wakati sisi Kitengela tulikuwa tunasukuma maji kwa mkokoteni. Mwingine aliuliza kama mlima ungetoa moto kabla ya saa sita mchana, kwa sababu ya mwanga wa kupigia picha.

"Mjibu, mlima tutaambia," Falis alisema.

Nzomo hakukasirika hata kidogo, na hiyo iliniudhi zaidi. Alijibu kila swali kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Jambo moja tu ndilo alilokuwa mkali nalo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari aliandika, akapigia mstari mara mbili: HAKUNA CHETI, HAKUNA KUSHUKA. Kila atakayeingia majini, mgeni au mfanyakazi, awe na cheti cha daktari aliyempima kifua. Mgeni mmoja, tajiri wa viwanda huko kwao, alituma karatasi iliyotiwa sahihi na kakake daktari. Nzomo aliirudisha.

"Karatasi ya ndugu si karatasi," aliniambia. "Ndugu anakupenda, hawezi kukupima."

Halafu akaniangalia akatabasamu, akasema, "Na mimi pia nahitaji yangu. Si wewe uko na ile ya Februari? Nipigie nyingine safi, kwa karatasi nzuri, na stempu."

Ngoja nikueleze nilichokijua wakati ananiambia hivyo.

Mwaka uliotangulia, orodha ya vifua iliporudi kutoka Nairobi, nilianza kupiga barua kama kawaida. Nikafika jina la Mwololo. Mwololo alikuwa amezikwa kwao Machakos mwezi wa Novemba. Alikohoa hadi akakonda, kampuni ikasema ni sigara, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechangisha watu wa zahanati kwa ajili ya jeneza. Na hapa, Februari, kifua cha Mwololo kilikuwa kimepigwa picha na kilikuwa safi. Nilikaa nikiangalia hilo jina. Nikainuka, nikampelekea msimamizi wa zahanati.

"Aah, hiyo ni makosa ya mashine," alisema bila kuweka chini gazeti. "Piga za wengine, hiyo tupa."

"Kama hii ni makosa, hizi zingine tutajuaje?"

Ndipo akaweka gazeti chini. "Mama, wewe ulisomea udaktari ama taipureta?"

Nilirudi kwenye kiti changu. Nikapiga barua arobaini. Ya Nzomo ilikuwa ya thelathini na mbili. Najua nambari kwa sababu nilihesabu, nikitafuta mahali pa kuacha, na sikuacha. Nzula wetu alikuwa shule ya bweni, na kazi ya kukaa kivulini ilikuwa adimu. Nilijiambia kwamba labda kweli ni mashine, kwamba Nzomo anakohoa kidogo tu asubuhi, nani asiyekohoa Kitengela wakati wa kiangazi. Februari iliyofuata nikapiga nyingine arobaini na moja.

Kwa hiyo aliponiomba barua, ningeweza kusema. Jambo lenyewe lilikuwa fupi: baba Nzula, hizo barua ni bure, nenda ukapimwe. Lakini angeniuliza nimejua lini. Tena nilikuwa nimemwona akifanya mazoezi Jumamosi kwenye shimo la kwari. Zamani alikaa chini ya maji bila mtungi hadi mimi nikaanza kupiga kelele ukingoni. Sasa alitoka mapema, akashika jiwe, akahema mdomo wazi. "Uzee," alisema. Nami nikasema, "Uzee." Basi tarehe kumi na nne Agosti nilitoa karatasi nene ya kampuni, nikaandika kwamba Nzomo amepimwa na kifua chake ni safi, nikagonga stempu. Stempu ilikuwa mezani kwangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Aliichukua akaikunja vizuri. Hakuisoma mara mbili.

Falis aliituma kwa faksi, na kesho yake Nalianya akapiga simu akiwa na aibu. Barua ni nzuri, alisema, lakini bima ya wageni haikubali ya kazini, lazima daktari anayejua wazamiaji, na kuna mmoja Nairobi.

"Ni sawa kabisa," Nzomo alisema. "Hata mimi ningeikataa."

Nilimwambia nitamsindikiza. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu, na ombi langu lilikuwa la aibu, kwa sababu sikuomba apone, niliomba wasione.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiyetabasamu ovyo. Alimvua Nzomo shati. Alimgonga mgongo kwa vidole, akasikiliza mbele, nyuma, ubavuni. Akampa mrija apulize kwa nguvu, mara tatu, na mara ya tatu Nzomo alishika meza. Akampeleka eksirei, akarudi nayo ikiwa bado na unyevu, akaiinua kwenye taa.

"Unafanya kazi gani?"

"Kwari. Miaka kumi."

"Na hawajawahi kukupima?"

"Kila mwaka," Nzomo alisema, akatoa barua yangu mfukoni. "Niko safi."

Daktari aliisoma, akaiweka mezani kwa ncha za vidole.

"Mzee, kama walikupiga picha, hakuna mtu aliangalia. Hii nyeupe yote ni makovu ya vumbi. Na hapa chini, unaona? Kuna hewa imefungiwa, haina pa kutokea. Hapa juu utakohoa tu, utachoka. Lakini ukishuka mita ishirini halafu upande..."

"Itapanuka," Nzomo alisema. "Pafu litapasuka kabla nifike kwa boti. Najua, daktari. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza mimi hufunza watu."

"Basi unajua siwezi kukupa cheti. Si mwaka huu, si mwaka ujao." Akaigusa tena ile barua. "Mtu aliyeandika hii angekuua."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo, mkoba magotini. Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni, na unajua niliielekeza wapi? Kwa yule daktari. Nilimchukia yule mama kwa kusema ukweli kwa sauti ya kawaida. Nzomo alivaa shati lake, kifungo kwa kifungo, akamshukuru.

Hasira yake yeye ilikuja siku ya pili, na sikuwa nimewahi kuiona hapo awali. Hakupiga meza. Alisimama uani akiwa na zile karatasi mbili, barua ya kampuni mkono huu, ripoti ya daktari mkono ule.

"Kumi," alisema. "Miaka kumi walikuwa wananiambia niko mzima. Hata kama wangeniambia mwaka wa tano, ningetoka. Ningekuwa na pafu la kushukia." Kisha akasema kitu kingine, polepole. "Na Mwololo walimwambia ni sigara. Mwololo hakuwa anavuta."

Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nalianya aliambiwa kwa simu, dukani kwa Falis. Halafu akasema Nzomo aje hata hivyo. Kwenye boti kuna kazi moja ambayo haihitaji kifua: mtu wa kukaa juu na orodha, anayeandika kila anayeshuka na saa aliyoshuka, anayehakikisha kila aliyeshuka amepanda. Ukikosea hapo, boti inaondoka na mtu amebaki baharini. "Siwezi kumpa mtu mwingine hiyo kalamu," alisema. "Na utaviona visiwa, ndugu yangu. Kutoka juu, lakini utaviona."

Nzomo alisema atafikiria. Lakini niliona amekwisha kukubali. Aliendelea na daftari, akanunua kofia pana, akamuuliza Falis watu wa Komoro wanakula nini. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, ataenda, ataona mwamba wake mweusi, atarudi, na hii mambo ya barua itakufa polepole.

Septemba ikaanza kuisha, kumbe alikuwa na safari nyingine kwanza.

"Alhamisi tunaenda Kajiado," aliniambia. "Kwa ofisi ya kazi ya serikali. Nataka waone hizi karatasi mbili. Kuna wanaume arobaini huko bado wanatoboa, kila mmoja ako na barua kama yangu. Nikitoka hapa kwenda baharini bila kusema, nitakuwa nimewaacha chini."

Ningeweza kusema naumwa. Nilivaa nguo ya kanisani nikaenda.

Ofisa alikuwa mzee wa Kimaasai, sikio moja limetobolewa, suti ya kijivu. Alitusalimia "Sopa", Nzomo akamjibu "Ipa" kwa heshima, na mzee akatuvutia benchi mwenyewe. Alisikiliza bila haraka. Akasoma ripoti ya daktari, akasoma barua ya kampuni, akairudia ya kampuni.

"Hii ilipigwa na nani?"

"Ni mama Nzula hapa," Nzomo alisema mbio. "Lakini yeye ni karani tu, mzee. Anaandika yenye ameambiwa. Yeye hana makosa."

Alinifungulia mlango wa kutokea, unaona. Alisimama mbele yangu kama ukuta, na hakujua anazuia nini.

Ofisa aliweka kidole kwenye tarehe. "Daktari wao huja Februari, umesema. Hii ni ya Agosti kumi na nne. Agosti huyu mzee alipimwa na nani?"

Nzomo aligeuka akaniangalia, bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayesubiri mwenzake amtajie nambari aliyoisahau. Kulikuwa na kalenda ukutani ya kampuni ya mbegu. Niliiangalia hiyo.

"Hakuna mtu alimpima," nikasema. "Niliandika mimi."

"Ulinakili ya Februari?"

"Ndiyo."

"Na ya Februari, mama, ulijua ni uongo?"

Ningeweza kusema hapana. Hata sasa ninapokuandikia haya najua ningeweza, na ofisa angeandika hapana, na Oktoba Nzomo angekuwa kwenye boti na kofia yake. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira na kila mtu, na wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi.

"Nilijua tangu mwaka jana," nikasema. "Waliniletea kifua cha Mwololo ni safi, na Mwololo tulikuwa tumemzika."

Ofisa akaandika. Aliniuliza mambo mengi, nikajibu yote, majina, miaka, stempu inakaa wapi. Aliniambia nitie sahihi kila ukurasa. Alisema atakwenda kwari mwenyewe wiki hiyo, na kwa haki lazima niseme alikwenda. Nzomo alipoinuka alichukua ripoti ya daktari, akaiacha ile barua yangu kwenye meza ya watu.

Nyumbani alikula nilichopika, akasema asante. Ijumaa hivyo hivyo. Ningependa angenitukana. Ningependa angevunja sahani, nipate na mimi cha kujibu, nimwambie kwamba hata yeye alihema kwenye lile shimo akasema uzee, kwamba hata yeye, mtu wa kukagua, hakutaka kukagua. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari mdomoni siku mbili nzima. Hakunipa nafasi ya kuyatumia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa dukani kwa Falis nikinunua unga wakati Mombasa ilipopiga. Falis aliita, na Nzomo, aliyekuwa akirekebisha mlango wa kinyozi hapo jirani, akaja. Alinipita kwenye kaunta. Nalianya alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu ya upepo, na kila mtu dukani alisikia: boti inaondoka Jumatano, kitanda kiko tayari, kalamu na orodha vinamngoja, je, anakuja kwa basi ya leo au ya kesho?

Nzomo alingoja amalize.

"Daftari nimetuma kwa basi ya jana," alisema. "Kila kitu kiko ndani. Fuata tu vile imeandikwa."

"Na wewe?"

"Mimi siji."

"Kwa nini sasa? Nzomo, ni kukaa tu juu na kuandika!"

"Hapo ndipo," Nzomo alisema. "Kukaa kivulini na kalamu, niandike huyu mzima, huyu mzima, huyu mzima. Hiyo kazi siwezi, Nalianya. Hapa nyumbani kwangu tayari iko na mwenyewe."

Akarudisha simu mahali pake, akamlipa Falis, akatoka kurudi kwa mlango wake wa kinyozi. Nyundo ikaanza tena.

Falis alibaki na kikombe cha kupimia unga hewani. Alinitazama, akatazama mlango, akanitazama tena.

"Mama Nzula, huyo mwenyewe ni nani?"

Dukani kulikuwa na watu sita, wake wawili wa wanaume wa kwari kati yao, na mmoja alikuwa mjane wa Mwololo.

"Ni mimi," nikasema.